Kutoelewa Fizikia kwa Niaba ya Wengine

Wadogo zangu wa kidato cha pili mliorithi viti vyetu, nimestaafu. Nina miaka kumi na saba, sina mvi wala kiinua mgongo, na mama bado ananiamsha kwa kunivuta mguu. Lakini kazi ni kazi. Niliyoifanya kwenye maabara ya shule yetu hapa Lemara, Arusha, niliifanya Jumamosi baada ya Jumamosi tangu nikiwa kama nyie, kwa hiyo nina haki ya kuwachosha na kumbukumbu zangu kama mstaafu mwingine yeyote. Mshahara sitauzungumzia, maana haukuwepo. Vyeo navyo naviruka. Nilipandishwa mara moja tu, kutoka kiti cha nyuma kuja cha mbele, ili niangaliwe vizuri.

Kazi yenyewe ilikuwa kutoelewa.

Mnacheka, lakini ngojeni. Walimu wa fizikia wa shule za mjini na za huku juu Meru hukutana shuleni kwetu Jumamosi kwa mafunzo kazini. Mmoja anafundisha, wenzake wanakaa nyuma wanamtazama, akimaliza wanamchambua kama kuku wa sikukuu. Sasa mwalimu hawezi kujinoa kwa kufundisha viti vitupu. Walihitaji wanafunzi wachache wa kufanyiwa mazoezi. Mwezeshaji wao, Madam Urassa, mama mfupi anayevaa miwani shingoni zaidi ya anavyoivaa machoni, alikataa kuletewa vipanga. "Nileteeni watoto wa kawaida," alisema, "na mmoja msumbufu." Wa kawaida walitafutwa kwa siku kadhaa. Msumbufu alipatikana palepale.

Siku ya kwanza mwalimu mmoja alikuja na ndoo, yai na chumvi, atufundishe kuelea. Yai likazama. Akaweka chumvi, yai likaelea. Akageuka na furaha zake, "Tuko pamoja?" Nasi tukaitikia kama tulivyozoea tangu chekechea, "Ndiyoooo!" Madam Urassa akainuka kule nyuma.

"Nani hayuko pamoja?"

Tukatazama ndoo.

"Elisante, kwa nini yai limeelea?"

"Kwa sababu ya chumvi, Madam."

"Chumvi imelifanya nini?"

"Imeli... imelikolea."

Walimu walicheka hadi mmoja akafuta machozi. Madam hakucheka. "Mmekuja hapa kuitikia? Kwaya iko kanisani. Hapa ni maabara. Mwalimu huyu angeondoka leo akijua amefundisha, na hajafundisha kitu, kwa sababu nyie mmemdanganya kwa sauti nzuri."

Nilijiona nimeonewa. Ndeshi akanikuta bombani nikiosha vyombo kwa hasira. Huyu alikuwa kidato cha tatu wakati huo, mkongwe wa darasa la mazoezi, dada mwembamba asiyecheka ovyo. Yeye ndiye aliyenifunza kazi.

"Jumamosi ijayo utaigiza, nakujua," aliniambia. "Utajifanya mjinga."

"Si ndiyo kazi?"

"Siyo, dogo. Mjinga wa kuigiza anajulikana hadi Kaloleni. Wewe tafuta kitu ambacho kweli hujakielewa. Unavyo vingi."

"Aisee, asante sana."

"Na ukikipata, kikamate. Mwalimu atakueleza, atatoka jasho, utamwonea huruma, utatamani kusema umeelewa. Usiseme. Huruma yako itamuua Jumatatu mbele ya watu sitini."

Zana za kazi zilikuwa chache. Ya kwanza ni uso. Kila mwanafunzi ana uso wa kuelewa, nyusi juu kidogo, kichwa kinatikisika polepole, kalamu inagusa daftari bila kuandika. Wangu nilikuwa nao tangu darasa la tatu na ulikuwa umenivusha pengi. Ndeshi alinitaka niuache nyumbani. Ya pili ni mkono, wa kunyoosha. Ya tatu ilikuwa ammita yetu yenye sindano iliyopinda, ambayo ukiigonga kidogo inarudi sifuri na ukiigonga sana inasusa. Halafu kipimajoto. Hicho kina kesi yake, nitakirudia.

Kesi yangu ya kwanza ngumu ilikuwa umeme. Alisimama mwalimu kijana, shati limepigwa pasi hadi mfukoni, akachora betri, balbu, nyaya na mishale. Akasema umeme unatoka kwenye betri, unafika kwenye balbu, balbu inawaka. Tuko pamoja? Wenzangu wakavuta pumzi waitikie. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, ukishafika kwenye balbu unaisha?"

"Unatumika."

"Sasa huo unaopita waya wa kurudi ni upi?"

"Ni uliobaki."

Walimu wa nyuma wakaanza kukohoa wote kwa pamoja, kama daladala imepita na vumbi. Kijana akaona mambo si mambo. Tukafunga ammita kabla ya balbu, tukasoma. Tukaihamishia baada ya balbu. Sindano, pamoja na kupinda kwake, ikasimama palepale. Hakuna kilichopungua. Yule mwalimu aliitazama, akanitazama mimi, na nilidhani atanitoa nje. Badala yake akavuta kiti, akakaa pembeni yangu.

"Hebu ngoja," alisema. "Hata mimi sijaelewa. Tuanze tena, wewe umekwama wapi?"

Nataka mkikumbuke hicho kiti. Jumatatu hadi Ijumaa ukiuliza swali darasani unaambiwa unawapotezea wenzako muda, mada ni nyingi, mtihani unakuja. Jumamosi mtu mzima mwenye shahada anavuta kiti ili asikie umekwama wapi. Katika yote yaliyofuata, hicho kiti ndicho nilichokuwa nakipigania. Si chai wala maandazi, ingawa maandazi nayo sitayasema vibaya.

Sasa tuje kwa Mwalimu Kweka. Nyie mnamjua, ndiye mkuu wa fizikia hapa shuleni, mtu wa Moshi, mrefu, akiandika fomula ubaoni hata chaki inanyooka. Mimi ananifundisha wiki nzima. Jumamosi moja ilifika zamu yake ya kutazamwa, akaja kutufundisha pendulamu. Akafunga uzi, akavuta kile kidude cha chuma, akakiachia kwa madaha. Uzi ukakatika. Kidude kikaruka, kikatua ndani ya kikombe cha chai cha Madam Urassa.

Tulicheka, jamani. Tulicheka kicheko cha kulaza kichwa mezani. Mimi nilicheka zaidi ya wote.

"Elisante," Kweka alisema huku akifuta chai kwenye suruali, "cheka taratibu. Kuna Jumatatu."

Tangu siku ile alihudhuria mafunzo yote lakini hakusimama tena mbele yetu. Zamu yake ikifika ana kikao, ana mafua, ana msiba Marangu. Nilimwona mwoga. Leo naona kwamba si jambo dogo mtu mzima kukosea mbele ya mtoto ambaye kesho kutwa anatakiwa kumwogopa. Lakini leo ni leo. Wakati ule nilikuwa namhesabia misiba.

Ndeshi akamaliza kidato cha nne akaondoka, mimi nikawa mkongwe. Halafu Madam Urassa akaja na laptop na projekta. Akaeleza kwamba kuna akili mnemba ambayo unaweza kuiagiza iwe mwanafunzi. Unaiandikia: wewe ni mwanafunzi wa kidato cha pili, unajifunza fizikia, msikilize mwalimu wako. Basi inakuwa. Unaifundisha kwa kuandika, nayo inakujibu ukutani. Walimu wakaipa jina la Baraka.

Nilimchukia Baraka kuanzia sentensi yake ya kwanza. Ilikuwa hivi: "Asante sana mwalimu kwa maelezo mazuri, sasa nimeelewa." Jamaa alielewa kila kitu. Alielewa kani, alielewa mwanga, alielewa kabla mwalimu hajamaliza kuandika. Hakuwahi kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko cha chumba kizima, wakati sisi kila siku tulikuwa na matatizo mawili, fizikia na lugha iliyokuja nayo. Uso wa kuelewa niliouacha nyumbani, yeye ndio pekee aliokuwa nao.

Walimu walimpenda. Alikuwa hacheki. Kweka ndiye aliyefufuka hasa. Nitasema ukweli ingawa unaniuma, Baraka alimsaidia. Kweka alikaa naye akieleza msuguano kwa mfano wa matairi, akafuta, akajaribu kwa mfano wa kandambili kwenye tope, akafuta, akajaribu tena. Hakuna binadamu ambaye angemvumilia hivyo. Mimi ningelala.

Basi Jumamosi moja tukiwa bombani, Madam Urassa akatuita.

"Wanangu, muhula ujao mtapumzika. Walimu wamekubaliana kufanya mazoezi na Baraka. Nyie mna mitihani."

"Shikamoo Madam," nilisema, maana nilitaka kumjibu na sikutaka ionekane sina adabu. "Wamekubaliana wote?"

"Marahaba. Wengi."

Nilimtazama Mwalimu Kweka. Alikuwa anakunja waya wa projekta kwa umakini ambao sijawahi kuuona kwa mtu anayekunja waya.

"Tunaomba somo moja la mwisho," nikasema. "Sisi na Baraka chumba kimoja. Mwalimu yeyote, mada yoyote. Mtutazame wote, halafu ndiyo mtufukuze."

"Hatuwafukuzi, Elisante."

"Ndiyo, Madam. Mtupumzishe."

Madam alivaa miwani, ishara kwamba anafikiri. Kabla hajajibu, sauti ikatoka upande wa projekta. "Nitafundisha mimi," Kweka alisema. "Kuchemka kwa maji." Alichagua vizuri. Hakuna mada salama kama hiyo. Maji yanapashwa moto, kipimajoto kinapanda, kinasimama, mnaandika, mnaenda nyumbani. Hakuna uzi wa kukatika.

Nikapita Kaloleni kumwona Ndeshi, ambaye alikuwa anasubiri kuchaguliwa kidato cha tano huku akimsaidia shangazi yake dukani. Nikamweleza vita yangu yote na mipango ya kumwaibisha Baraka. Alinisikiliza huku akimpimia mteja waya.

"Umeshaanza kuigiza," alisema.

"Kwa nini?"

"Unaenda kushinda. Ukienda kushinda utatunga swali la kujionyesha. Nenda usielewe, basi."

Sasa ile kesi ya kipimajoto. Kila aliyepita kwenye maabara yetu anaijua. Maji yanachemka, yanatoa mapovu, mvuke unajaa, na kipimajoto kinagoma kwenye tisini na tano. Mwalimu anasema kimezeeka, andikeni mia. Tunaandika mia. Hiyo inaitwa kupika data, na mpishi mzuri anaandika mia huku akitazama tisini na tano bila kupepesa. Nimeuliza marafiki wa shule nyingine, na kwao vimezeeka pia. Kwa ushahidi huo, mkoa mzima hauna kipimajoto kizima.

Jumamosi ya somo la mwisho Madam Urassa alileta kipya, bado kimo kwenye boksi. Kweka alikifungua mwenyewe. Akaanza na Baraka. Akaandika kwamba maji huchemka kwenye nyuzi joto mia moja, akaeleza chembechembe zinavyopata nguvu na kuchomoka, akauliza kama ameelewa. Ukuta ukajibu: "Ndiyo mwalimu, nimeelewa vizuri. Maji huchemka kwenye nyuzi joto mia moja. Asante sana." Walimu wakatikisa vichwa, safi. Kweka akatugeukia sisi kama mtu aliyekwisha kula anayeambiwa kuna maharage.

Maji yakachemka.

"Elisante, soma."

"Tisini na tano, Mwalimu."

"Andika mia."

"Sijaelewa."

"Hujaelewa nini? Mia. Moja, sifuri, sifuri."

"Mia nimeielewa. Sijaelewa tisini na tano."

"Kipimajoto kimezeeka."

"Umekitoa kwenye boksi sasa hivi, Mwalimu. Plastiki yake bado umeishika."

Walimu wakaanza kile kikohozi chao. Kweka akasema kuna vinavyotoka kiwandani vibovu. Nikauliza na vile vya kabatini je? Akaenda kabatini, nahisi ili kunimaliza, akaleta vyote, akavitumbukiza kimoja baada ya kingine. Tisini na tano. Tisini na tano. Kimoja kilikaribia tisini na sita, kikaona aibu, kikarudi.

"Vibovu vyote vimekubaliana, Mwalimu?"

"Andika mia, Elisante. Mtihani unataka mia."

"Siandiki."

Hapo kikohozi kiliisha.

"Unajua Jumatatu nakufundisha mimi?"

"Najua, Mwalimu."

"Jaribio hili nitakupa sifuri."

"Nipe, Mwalimu. Itakuwa sifuri ya kweli."

Ningeweza kunyamaza pale nikabaki shujaa wa bei rahisi. Lakini Ndeshi aliniambia nitafute kitu ambacho kweli sijakielewa, na ghafla nikakikumbuka. Nilikuwa nacho tangu utotoni.

"Mwalimu, bibi yangu yuko Akheri. Baba mdogo ameoa Moshi mjini, kwenu kule. Kila Krismasi mama mdogo anasimama jikoni anasema, kwetu saa hizi maharage yangekuwa yameshaiva. Bibi ananuna. Anasema anatukanwa yeye, kuni zake na ukoo mzima. Mwaka juzi mama mdogo akabeba maharage ya bibi mwenyewe, akaenda kuyapika kwao. Yakaiva mapema. Bibi hajamsemesha vizuri hadi leo. Sasa kama maji yanachemka mia kila mahali, kwa nini yaive mapema Moshi?"

"Wachaga jamani, mnajisifia hadi maharage!" akasema mwalimu mmoja wa Kimeru.

"Yanaiva kwa sababu tunajua kupika!" akajibu mwenzake Mchaga. Chumba kizima kikacheka, kila mtu akawa na shangazi wa kumtolea ushahidi.

Kweka hakucheka. Alikuwa amesimama na kipimajoto mkononi, akitazama nje ya dirisha, ambako Meru ilikuwa imevaa wingu lake kama kawaida.

"Muulize Baraka," Madam Urassa alisema taratibu.

Kweka akainama kwenye laptop. Akaandika kwamba kipimajoto chake kipya kinasoma tisini na tano maji yakichemka, kwa nini? Ukuta ukauliza: "Mwalimu, mko wapi?" Akaandika Arusha. Ukuta ukasema Arusha iko juu sana kutoka usawa wa bahari, hewa huko inayakandamiza maji kwa nguvu ndogo zaidi, kwa hiyo yanachemka kabla ya kufika mia, na tisini na tano ni jibu sahihi kwa hapo.

Kweka akaandika, kwa vidole viwili: "Ulikuwa unajua?"

"Ndiyo mwalimu."

"Mbona ulisema mia?"

"Wewe ndiye uliyenifundisha mia, nami niliagizwa kumsikiliza mwalimu."

Nilikuwa nimejiandaa kumzomea. Sikuweza. Nilimtambua. Alikuwa mwenzetu kabisa, anatazama tisini na tano anaandika mia, anasema asante. Jamaa alikuwa amesoma shule yetu.

"Hata mimi nilikuwa najua," Kweka alisema, bila kumtazama mtu. "Nawaandikia ubaoni kila mwaka. Presha ya hewa ikipungua, kiwango cha kuchemka kinashuka. Halafu nawapa mfano wa milima ya Asia huko." Akanyoosha kipimajoto dirishani, kwenye wingu. "Asia."

Mngedhani baada ya hapo tulirudishwa kazini kwa matarumbeta. Wapi. Uamuzi ulikuwa umeshapita. Muhula ulipoanza tulifika Jumamosi na vikombe vyetu, mlinzi akatuzuia getini. "Leo ni walimu tu. Nyie mmeambiwa mpumzike." Tukapumzika hadi nyumbani. Hivyo ndivyo nilivyostaafu, bila keki.

Yaliyofuata mnayajua, mlikuwepo, lakini mlikaa upande wa kuogopa kwa hiyo nitayasimulia kutoka upande wangu. Jumatatu iliyofuata Mwalimu Kweka alinitoa darasani kwetu akanileta kwenu kidato cha pili. "Kaa nyuma pale," aliniambia mlangoni. "Wakiitikia ndiyo bila kuelewa, nyoosha mkono kama unavyofanya." Nikaelewa kwamba nimeajiriwa upya, kwa mkataba. Nikakaa kwenye dawati lenu, magoti yakigusa masikio.

Akachemsha maji mbele yenu. Akampa Kelvin kipimajoto asome, Kelvin akasoma kwa sauti: tisini na tano. "Andikeni mlichokiona," Kweka akasema. Akapita kati ya madawati. Mia. Mia. Mia. Akafika kwa Kelvin. Mia.

"Kelvin, umesoma ngapi?"

"Tisini na tano, Mwalimu."

"Umeandika ngapi?"

"Mia."

"Kwa nini?"

"Si ndiyo jibu, Mwalimu?"

Kweka alikaa juu ya meza yake. Akaanza kuwaeleza upya, hewa, kimo, Meru ileile iliyo nje, akaeleza vizuri kwa kweli, halafu mazoea yakamponyoka. "Tuko pamoja?"

"Ndiyoooo!"

Akafumba macho. "Hakuna anayetoka hapa mpaka mtu mmoja aniambie hajaelewa."

Kengele ya mapumziko ikalia. Harufu ya maandazi ikaingia dirishani. Na nyie wote, darasa zima, mkageuza shingo kunitazama mimi. Yeye pia akanitazama. Ndiyo kazi niliyoletewa. Mkono wangu ulikuwa unawasha.

Nikaukalia.

"Elisante?"

"Nimestaafu, Mwalimu."

Mlicheka, naye akauma midomo asicheke. Alinikazia macho kwa namna ambayo ilinionyesha Jumatatu zangu zote zilizobaki hadi mtihani wa mwisho. Lakini ningenyoosha siku ile, mngenigeukia kila siku, na mwakani sipo. Nikaendelea kuukalia mkono hadi ukafa ganzi.

Ndipo Upendo, aliyekaa mbele kabisa, ambaye sijawahi kumsikia hata akisema "niko" kwenye mahudhurio, akainua kidole hadi usawa wa sikio.

"Mwalimu, mimi sijaelewa."

"Hujaelewa nini?"

"Kama hapa kwetu ni tisini na tano... kitabu kimeandikwa na mtu wa wapi? Na kwenye mtihani tuandike ya kwake au ya kwetu?"

Kweka alivuta kiti, akakaa mbele ya dawati lake. "Hebu ngoja," alisema. "Rudia, polepole." Na mikono ikaanza kuinuka nyuma yake, mmoja, mwingine, hadi sikuweza tena kumwona mwalimu. Nikatoka kwa mlango wa nyuma kwenda kula andazi la mstaafu.

Jumamosi iliyofuata nilisimama ng'ambo ya barabara nione. Kweka alifika getini na Upendo na Kelvin na wengine wachache wenu. Mlinzi akasema leo ni walimu tu.

"Hizi ni zana za kufundishia," Kweka akamjibu. "Fungua."

Nasikia Madam Urassa alisogeza tu laptop pembeni ya meza mpate pa kuweka madaftari. Nasikia pia Kweka amemwandikia Baraka maagizo mapya, asikubali kitu mpaka aoneshwe, na siku hizi anabisha hadi walimu wanalalamika kwamba ameharibika. Ameharibika vizuri. Mpeni salamu zangu. Bibi naye nimemfikishia habari. Amefurahi kusikia kosa si la maharage wala kuni, ila mama mdogo hajamsamehe bado, anasema mlima haukumtuma mtu aje kujisifu jikoni kwake.

Upendo, kiti changu ni cha pili kutoka dirishani. Kina msumari upande wa kulia, kaa kushoto kidogo. Ammita igonge taratibu. Mtu mzima akikueleza akatoka jasho, mwache atoke. Na uzi wa pendulamu ukikatika, cheka, lakini baada ya kucheka muulize swali, asije akaanza tena kufiwa Marangu. Akigeuka kuuliza kama mko pamoja, usifungue mdomo haraka. Tazama kwanza dirishani uone uko wapi.